URITHI USIOGAWIWA NA KADHI

Sisi tulio katika vidato vya juu tumekwisha kusoma mirathi katika somo la Dini. Twajua kwamba mtu akifa hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia, na kinachobaki hugawiwa warithi kwa hesabu iliyokwisha kupangwa. Mjane hupata thumni ikiwa marehemu ameacha watoto. Mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike fungu moja. Hesabu hiyo ni ya mashamba, nyumba, fedha na mikarafuu. Lakini kuna kitu kingine ambacho mtu hukiacha nyuma yake na hapana kadhi awezaye kukigawa, kwa kuwa hakionekani wala hakikuandikwa popote. Kitu hicho ni khofu, aibu na huzuni. Mtu aweza kurithi khofu ya bibi mzaa bibi yake hali ya kuwa hakupata kumwona, wala jina lake hakulisikia.

Mwalimu wetu wa lugha alitutaka kila mmoja aandike maelezo ya kitabu kimoja alichokisoma nje ya vile vya mtihani. Mimi nimechagua riwaya iitwayo Desertion ya Abdulrazak Gurnah, kwa sababu inaeleza urithi huo vizuri kuliko nilivyopata kuelezwa na mtu yeyote. Sikuona katika maktaba yetu. Niliazimwa na dada mmoja asomaye Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hapa hapa Tunguu, nami nikaisoma kwa wiki tatu katika dakhalia baada ya masomo ya usiku, kamusi ikiwa ubavuni. Ninaieleza hapa kwa faida ya wenzangu, na kwa walimu na wazee wetu wasomao gazeti hili.

MTUNGAJI

Abdulrazak Gurnah alizaliwa hapa Unguja mwaka 1948. Aliondoka akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, akenda Uingereza, na huko akasoma na baadaye akasomesha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent mpaka alipostaafu. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Wengi wetu tulikuwa wadogo wakati huo, lakini twakumbuka jinsi redio zilivyolitaja jina la Zanzibar siku ile. Riwaya yake iitwayo Paradise, ya mwaka 1994, imefasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, nayo ilitoka mwaka 2022. Desertion ilitoka mwaka 2005, nayo ni ya saba katika riwaya zake. Neno hilo lina maana ya kumwacha mtu aliyekutegemea na kumpa mgongo. Ukikisoma kitabu chote utaona kwamba karibu kila mtu ndani yake ama amemwacha mwenziwe, ama ameachwa.

HADITHI YENYEWE

Hadithi inaanza mwaka 1899 katika mji mdogo wa pwani, kaskazini ya Mombasa. Alfajiri moja mwenye duka aitwaye Hassanali anakwenda kufungua msikiti, naye anamwona Mzungu akija akijikokota kutoka bara, amechoka hata hawezi kusimama. Mzungu huyo ni Martin Pearce. Hassanali anamchukua mpaka nyumbani kwake, na huko ndiko anakoishi dada yake, Rehana.

Rehana amekwisha kuachwa mara moja. Alikuwa ameolewa na mfanyabiashara wa Kihindi aitwaye Azad, ambaye alirudi kwao kwa msimu wa pepo na asirejee tena. Hakumpa talaka wala hakumletea barua. Basi mwanamke huyu si mjane, si mke, si mtaliki. Watu wa mji walikuwa na maneno juu yake hata kabla ya Mzungu kufika, kwani baba yake alikuwa Mhindi na mama yake Mswahili, na wako walioona kuwa hilo peke yake ni ila.

Baadaye Rehana na Pearce wanapendana. Wanaondoka mjini, wanakwenda kukaa pamoja Mombasa, kisha Pearce naye anarudi kwao Uingereza. Rehana anabaki na mtoto wa kike, Asmah. Hiyo ni mara ya pili ya kuachwa.

Hapo hadithi inaruka zaidi ya miaka hamsini na kuja hapa kwetu. Tunaingia katika nyumba ya walimu wawili, mume na mke, wenye watoto watatu: Amin, Rashid na Farida. Farida ni mshoni wa nguo za kike, na mmoja wa wanaokuja kushonewa ni Jamila, mwanamke mzuri aliyekwisha kuachwa na mume. Amin, ambaye anasomea ualimu, anampenda Jamila, na Jamila anampenda yeye. Farida anawapelekea barua. Lakini wazazi wanapojua wanamkataza Amin asimwone tena. Sababu yao kubwa si kwamba Jamila amemzidi umri, wala si kwamba aliwahi kuolewa. Sababu yao ni kuwa Jamila ni binti Asmah, na Asmah ni binti Rehana, na Rehana alikaa na Mzungu bila ya ndoa.

Fikirini, ndugu wasomaji. Jambo lilitendeka Mombasa mwishoni mwa karne iliyopita kabla ya hii ya wazee wetu. Aliyelitenda hayupo. Jamila hakuwa amezaliwa, wala mama yake hakuwa amezaliwa. Hata hivyo Jamila ndiye anayelipa, na Amin pamoja naye. Amin anawatii wazazi wake, na utii huo unamharibia maisha yake yote.

Rashid, mdogo wake, anapata nafasi ya kusoma Uingereza na anaondoka kabla ya uhuru. Mapinduzi ya Januari 1964 yanamkuta huko, na baba yake anamwandikia asirudi. Yeye ndiye anayetusimulia kitabu chote. Amekuwa mtu mzima, mbali na kwao, naye anajaribu kuunganisha khabari za watu wa zamani ili aelewe kwa nini kaka yake alivunjika moyo.

AIBU HUPITA NJIA GANI?

Nilipomaliza kitabu nilijiuliza suali hili: aibu inatokaje kwa bibi ikamfikia mjukuu? Haimo katika damu kama rangi ya macho. Kwa kadiri nilivyofahamu, ziko njia nne.

Njia ya kwanza ni sheria na desturi za zamani. Hapa Unguja jambo hili lina historia yake, nayo ni ya kweli. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, na mahali pale Mkunazini likajengwa kanisa ambalo mpaka leo wageni hupelekwa kulitazama. Mwezi wa Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed akatoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria ya nchi. Wengi wetu tunajua tarehe hizo kwa ajili ya mtihani. Lakini ni wachache wanaojua kwamba amri ya 1897 haikuwakomboa masuria. Masuria walikuwa wajakazi waliokaa na mabwana wao kama wake bila ya kuolewa, na serikali ilisema kuwa wao ni kama wake, hivyo wasiguswe. Walikaa hivyo mpaka mwaka 1909 ilipotoka sheria nyengine. Kwa miaka kumi na miwili mwanamme mtumwa aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake, na suria hakuweza kufanya hivyo kama mwanamme yule.

Watoto waliozaliwa na suria kwa bwana wake walikuwa watu huru na walirithi sawa na ndugu zao. Hata katika jumba la kifalme ilikuwa hivyo. Wengi wa watoto wa Seyyid Said walizaliwa na masuria, na mmoja wao ni Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ambaye mama yake alitekwa huko Kaukasi akiwa mtoto mdogo. Salme mwenyewe aliondoka Unguja mwaka 1866 kwa sababu ya mapenzi yake na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaolewa naye Aden, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake huko Ujerumani. Kwa hiyo Rehana wa riwaya si kioja kilichobuniwa tu. Mambo ya namna hiyo yalitokea, hata kwa binti wa mfalme.

Njia ya pili ni maneno ya watu. Sheria ya 1909 iliondoa jina la utumwa mahakamani, lakini haikuweza kuliondoa vibarazani. Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu, nami nimepata ruhusa ya kuueleza bila ya kutaja majina. Binti wa mama yangu mkubwa, ambaye mimi namwita dada, aliposwa mwaka juzi na kijana mwenye tabia njema. Posa ilipokelewa, na nguo zilikuwa zimekwisha kupelekwa kwa fundi. Kisha wazee wa upande wa mwanamme wakenda kuuliza asili, na baada ya siku chache akaja mtu mzima mmoja, kwa adabu kubwa, kusema kwamba wameona bora jambo hili lisimame. Hawakusema sababu mbele yetu. Sababu ilitufikia kwa mlango wa nyuma, kama zinavyofika sababu zote za namna hiyo: kwamba huku kwetu kwa upande wa kike kuna mtu aliyekuwa mjakazi.

Dada yangu hakulia mbele ya watu. Alikwenda kwa fundi kuchukua vitambaa vyake, akavikunja, akaviweka. Sasa yuko chuoni anasomea uuguzi.

Njia ya tatu ni kimya. Katika Desertion kuna mahali ambapo Rashid anasimamisha hadithi na kutuambia wazi kuwa hajui Rehana na Pearce walianza vipi kupendana, kwani hapana aliyemsimulia, itambidi akisie. Mwanzo nilidhani ni udhaifu wa kitabu. Kisha nikaona kuwa ndivyo yalivyo katika nyumba zetu. Tunarithi adhabu, na hatuambiwi kosa. Jamila amekulia ndani ya mambo hayo, watu wengine wakimtazama kwa habari ambazo yeye mwenyewe hakuwapo zilipotokea.

Nyumbani kwetu vile vile. Siku tatu baada ya posa kuvunjika, bibi yetu mzaa mama alituita sote wa kike chumbani kwake. Alisema, “Hawakusema uwongo, wajukuu zangu. Bibi yangu mimi hakuzaliwa kisiwa hiki. Aliletwa.” Mama yangu, ambaye ni mwanawe wa kumzaa na umri wake umepita miaka arobaini, hakuwa amelisikia neno hilo hata siku moja. Bibi alijua tangu akiwa mdogo, naye alilifunga moyoni miaka yote akidhani anatuhifadhi.

Njia ya nne ni malezi, nayo ndiyo iliyonistaajabisha zaidi. Bibi yetu akenda nyumba ya watu hakai juu ya kiti. Hata akivutiwa kiti kizuri atakaa chini kwenye mkeka, karibu na mlango, na kuomba asishughulikiwe. Sisi tulikuwa tukicheka na kusema ni unyenyekevu wake. Siku ile nilimwuliza, “Bibi, kwa nini hukai kwenye kiti?” Akajibu kwamba mama yake alikuwa akikaa hivyo. Na mama yake je? Alikuwa akikaa hivyo kwa kuwa ndivyo alivyomwona mama yake, yule aliyeletwa, ambaye hakuruhusiwa kukaa juu ya kiti mbele ya bibi wa nyumba. Basi amri iliyotolewa na mtu aliyekufa zamani, katika nyumba ambayo hatuijui iko wapi, bado inafuatwa na bibi yangu. Ukihesabu, yule aliyeletwa alimzaa mwana, akapata mjukuu ambaye ndiye bibi yangu, kisha kitukuu ambaye ni mama yangu, na mimi ni kilembwe wake. Nimejichunguza, nami nimeona kuwa katika mikutano yetu ya skuli huchagua kiti cha karibu na mlango.

SI SISI PEKE YETU

Mwalimu wetu aliposoma maelezo yangu ya kwanza aliniambia kwamba mambo haya yameandikwa pia na watu wa mbali, akanipa mfano wa wanawake wa Kichina. Mwaka 1989 mwandishi Amy Tan, aliyezaliwa Marekani kwa wazazi wa Kichina, alitoa riwaya iitwayo The Joy Luck Club. Humo wamo mama wanne waliozaliwa Uchina na binti zao waliozaliwa Marekani katika mji wa San Francisco. Mmoja wa mama hao, alipokuwa akikimbia vita vya Wajapani, aliishiwa na nguvu njiani akawaacha watoto wake wawili mapacha kando ya barabara. Binti aliyezaliwa baadaye Marekani aliishi na huzuni ya mama yake bila ya kuielewa, na khabari kamili aliipata baada ya mama kufariki. Mama mwengine katika kitabu hicho ni mtoto wa mjane aliyeingizwa kwa hila katika nyumba ya tajiri awe suria, akafa kwa kumeza sumu. Nilipoambiwa hilo nilistaajabu jinsi neno “suria” lilivyo na maana ile ile Uchina na Unguja, na jinsi watoto wa pande zote mbili walivyonyamaziwa.

Madaktari nao wamelitazama jambo hili. Tangu miaka ya 1960, huko Kanada na kwengine, madaktari wa maradhi ya akili waliona kwamba watoto wa Mayahudi waliookoka mauaji ya Wanazi, waliozaliwa baada ya vita katika nchi za amani, walikuwa na khofu na huzuni ambazo wao wenyewe hawakuwa na sababu yake. Wako wataalamu wanaochunguza kama mateso makubwa huacha alama ndani ya mwili inayopita kwa mtoto, na juu ya hilo bado wanabishana. Lakini ile njia ya malezi na kimya haina haja ya darubini kuonekana. Mtoto hujifunza khofu kwa mama yake kama anavyojifunza kusema.

Waandishi wetu wa Kiswahili pia hawakulala. Said Ahmed Mohamed katika Utengano, iliyotoka mwaka 1980, ametuonyesha Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na baba yake Maksuudi, na jinsi dhuluma aliyoifanya baba huyo kwa wanawake wengine ilivyorudi ikamwangukia binti yake. Adam Shafi katika Vuta N’kuvute ya mwaka 1999 ametuonyesha Yasmin, aliyeozwa mtu mzima asiyempenda, na alipotoroka watu wake wakamkataa. Mwenye kutaka kuanza na Kiswahili aanze na hivyo viwili.

JE, URITHI HUU WAWEZA KUKATIKA?

Nasema waweza, na dalili yangu ni mwanamke mmoja ambaye sote twamjua jina lake. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, kwa wazazi waliokuwa katika utumwa, na jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Alikuwa akiuza vyungu. Alihamia mjini, akajifunza kuimba na muziki, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurikodi sahani za santuri, na sahani hizo zikasikika pwani yote. Jina la Mtumwa likaondoka, likaja Siti, yaani bibi mtukufu. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Siti alifariki mwaka 1950, na leo hapana mtu katika visiwa hivi ambaye angeona aibu kusema kuwa ana udugu naye. Asili yake ni ile ile iliyovunja posa ya dada yangu. Tafauti ni kwamba kwa Siti asili hiyo ilisemwa hadharani, ikawa sehemu ya sifa yake, kwani watu walipoona mahali alipoanzia walifahamu umbali wa safari yake.

Najua wako wazee watakaosema kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Naiheshimu methali hiyo, na baba yangu aliisema usiku ule ule. Lakini wazee hao hao wametufundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali ya kwanza ni ya ugomvi uliokwisha, watu wakasameheana. Hapo kufukua ni fitina. Methali ya pili ni ya ugonjwa ambao bado uko ndani ya mwili. Suali la kujiuliza ni hili: jambo lenyewe limekwisha, au bado linatenda kazi? Ikiwa mwaka juzi liliweza kuvunja ndoa, basi halijesha. Vile vile ziko nyumba nyingi katika visiwa hivi zenye huzuni za mwaka 1964 ambazo kila upande unazo na kila upande umenyamaza, na watoto wa nyumba hizo huona jicho la mzazi likibadilika wasijue kwa nini.

Kuna watakaosema pia kwamba kuuliza asili ni desturi njema, kwani ndoa ni ya watu wawili na ya koo mbili. Sikatai. Ni haki ya mzazi kuuliza kama kijana ni mwaminifu, ana kazi, anasali, hapigi wala halewi. Lakini dini yetu yatufundisha kuwa mbora wetu ni mwenye uchamungu, na kwamba mtu hahukumiwi kwa tendo la mwenziwe. Na yule bibi yetu aliyeletwa hakutenda kosa lolote, alitendwa. Kama kuna aibu ni ya aliyemnunua. Mimi naona ajabu kwamba jina la aliyemnunua halitajwi na mtu, na watoto wa watoto wake, popote walipo, hawavunjiwi posa.

Hivi basi, wenzangu, nina mambo matatu ya kuwashauri. La kwanza, wakati wa likizo kaeni na bibi zenu. Msiwaulize kama polisi. Wasaidieni kuchambua mchele au kusuka ukili, na mwulize jina moja tu: bibi mzaa bibi yangu aliitwa nani, na alitoka wapi? Mkiona anapata taabu, acheni, na mrudi siku nyengine. La pili, andikeni mnachoambiwa katika daftari, pamoja na mwaka ikiwezekana, kwani bibi zetu wanaondoka kila mwaka na daftari halifi. La tatu ni ombi kwa walimu wetu: skuli inunue vitabu hivi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, hata nakala mbili mbili, ili mwanafunzi asilazimike kutegemea huruma ya mtu wa Chuo Kikuu. Chama chetu cha mdahalo nacho chaweza kuchukua maneno haya yawe mada ya muhula ujao: “Asili ya mtu isiulizwe katika posa.” Mimi niko tayari kusimama upande wa kuunga mkono.

Na kwa wazee wetu, kwa adabu zote, naomba neno moja. Mnapotuficha jambo kwa mapenzi, sisi hatulikosi. Twalipata kwa watu wa nje, nao hawana mapenzi hayo. Bora tulipate kwenu. Usiku ule bibi yetu aliposema neno lake hatukumdharau. Mama yangu alilia, kisha akamwuliza jina la huyo aliyeletwa, na bibi akalitaja. Mama mkubwa akaleta Msahafu, na sote tukamsomea khitma, ya kwanza aliyopata kusomewa kwa jina lake. Dada yangu amesema kwamba akija mposaji mwengine, na wazee wake wakauliza kwetu ni wa nani, yeye mwenyewe atawajibu kabla hawajatoka kwenda kuuliza kwa jirani. Nami siku yangu ikifika nitafanya vivyo hivyo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Tunguu.